Hema na Sheria: Ubaguzi wa Rangi katika Hifadhi za Jimbo la Virginia, 1936–1964

Tarehe 15 Juni 1936 jimbo la Virginia, nchini Marekani, lilifungua hifadhi sita kwa siku moja: Douthat, Fairy Stone, Hungry Mother, Seashore, Staunton River na Westmoreland. Neno hifadhi humfanya msomaji wa Kiswahili afikirie kwanza wanyamapori na wageni waliotoka mbali. Hifadhi za jimbo zilikuwa na shabaha nyingine. Zilisimamiwa na serikali ya jimbo, si ya shirikisho, na zilikusudiwa wakazi wa jimbo lenyewe: mfanyakazi wa kiwanda au karani wa mjini aweze kusafiri na familia yake mwisho wa juma, kupiga hema chini ya misonobari, kuogelea ziwani, kupika nje na kulala huko kwa gharama ndogo. Kupiga kambi kulihesabiwa kuwa tiba ya uchovu wa mjini na, kwa baadhi ya watetezi wake, shule ya uraia. Makala haya yanachunguza ni raia yupi aliyefikiriwa, na jinsi serikali ya jimbo ilivyojibu pale raia mwingine alipofika langoni.

Kazi kubwa ya ujenzi wa hifadhi hizo ilifanywa na vijana wa CCC, kikosi cha kazi za uhifadhi kilichoanzishwa mwaka 1933 chini ya Rais Franklin Roosevelt ili kuwapa ajira vijana waliokumbwa na mdororo mkuu wa uchumi. Kijana alilipwa dola 30 kwa mwezi, na kiasi cha dola 25 kati ya hizo kilipelekwa kwa familia yake. Vijana hao walijenga mabwawa, walifungua njia za miguu na kusimamisha vibanda vya kulala wageni. Hadi kikosi kilipovunjwa mwaka 1942, vijana Weusi zaidi ya 200,000 walikuwa wamekitumikia, wengi wao katika kambi zilizotengwa na za Weupe. Hifadhi ya Seashore, iliyoko Cape Henry, mahali Ghuba ya Chesapeake inapokutana na bahari ya Atlantiki, ilijengwa kwa sehemu na vijana Weusi. Walifanya kazi katikati ya vinamasi vya misipresi na vilima vya mchanga. Hifadhi ilipofunguliwa, wao na jamaa zao hawakuruhusiwa kurudi kama wageni.

Msingi wa kisheria wa katazo hilo ulikuwa umekwisha kuwekwa. Uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Plessy dhidi ya Ferguson, mwaka 1896, uliruhusu huduma zilizotengwa kwa misingi ya rangi mradi ziwe sawa. Virginia nayo ilitunga sheria mwaka 1926 iliyolazimisha watu kutenganishwa kwa rangi katika kumbi na mahali pote pa burudani na mikusanyiko ya umma. Katika hifadhi, hata hivyo, nusu ya pili ya kanuni hiyo haikutekelezwa kabisa: hifadhi sita zilifunguliwa kwa Weupe, na hakuna hata moja iliyofunguliwa kwa Weusi.

Athari yake inaeleweka vizuri zaidi ikitazamwa pamoja na safari yenyewe. Msafiri Mweusi hakuwa na hakika ya kupata chakula wala kitanda njiani, kwa kuwa hoteli nyingi zilimkataa. Mwaka huohuo wa 1936 Victor Green wa New York alianza kuchapisha kitabu cha mwongozo kilichoorodhesha nyumba na maduka yaliyowapokea wasafiri Weusi. Kiliendelea kutolewa kwa takriban miaka 30. Kwa msafiri wa namna hiyo, hema lingekuwa jawabu: mtu hubeba nyumba yake mwenyewe na hamwombi mwenye hoteli. Lakini hema huhitaji ardhi ya kulisimika, na ardhi ya umma iliyoandaliwa kwa kazi hiyo ndiyo iliyofungwa.

Hatua ya kwanza ya jimbo ilikuwa ndogo. Mwaka 1939 Virginia ilipata ardhi katika wilaya ya Prince Edward, sehemu ya kusini ya kati ya jimbo, iliyokuwa imenunuliwa kutoka kwa wakulima waliodhoofika kiuchumi. Palikuwa na maziwa mawili ya kuchimbwa, yaliyo karibu sana. Goodwin Lake likatengwa kwa Weupe, na Prince Edward Lake likatengwa kwa Weusi kama eneo la mapumziko, bila hadhi wala huduma za hifadhi kamili. Ni vigumu kupata mfano wa wazi zaidi wa ubaguzi ulioandikwa juu ya ardhi: msitu mmoja, udongo mmoja, na maziwa mawili.

Mwaka 1948 Maceo Conrad Martin, mfanyakazi wa benki kutoka mji wa Danville, alikataliwa kuingia hifadhi ya Staunton River, akaishtaki serikali ya jimbo. Hoja yake ilikuwa nzito kwa sababu ilitumia kanuni ya wapinzani wake wenyewe: ikiwa utengano ni halali pale tu palipo na usawa, iko wapi hifadhi iliyo sawa na ile aliyozuiwa? Gavana William Tuck hakufungua lango la Staunton River. Badala yake jimbo liliamua kuliongezea huduma eneo la Prince Edward Lake na kulipandisha hadhi, na mwaka 1950 likafunguliwa kwa jina la Hifadhi ya Jimbo ya Prince Edward ya Weusi. Ushindi huo ulikuwa wa pande mbili. Familia za Weusi zilipata mahali palipotunzwa, pa kuogelea na kukutana, na hapana sababu ya kulidharau jambo hilo. Wakati huohuo jimbo lilikuwa limenunua muda. Kwa mkazi wa Norfolk, aliyekuwa jirani na Seashore, hifadhi iliyofunguliwa kwa ajili yake ilikuwa zaidi ya kilomita 150 kutoka pwani.

Inafaa kukumbuka kwamba ndani ya Virginia hiyohiyo mambo yalikuwa tofauti katika ardhi ya shirikisho. Katika Hifadhi ya Taifa ya Shenandoah, ambako Lewis Mountain kulikuwa kumetengewa wageni Weusi, utengano ulikuwa umeondolewa ilipofika mwaka 1950. Hoja kwamba Weupe na Weusi wa Virginia hawangeweza kupiga kambi pamoja kwa amani ilikuwa tayari imejaribiwa, katika milima ya jimbo hilohilo, na haikuthibitika.

Mwaka 1951 raia wanne Weusi walizuiwa kuingia Seashore. Wakafungua kesi iliyokuja kujulikana kwa jina la Tate, wakati ambapo mawakili wa chama cha NAACP walikuwa wameacha kudai usawa ndani ya utengano na kuanza kuushambulia utengano wenyewe. Mei 1954 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa Brown kuhusu shule. Wakuu wa jimbo walitafuta njia ya kuponyoka kwa kufikiria kuikodisha hifadhi kwa mwendeshaji binafsi, ambaye angewachagua wageni wake apendavyo. Julai 1955 Jaji Walter Hoffman aliziba njia hiyo: jimbo lisiwanyime watu huduma za Seashore kwa sababu ya rangi, na mkataba wowote wa kukodisha usitumike kufanya kwa mlango wa nyuma lililokatazwa mbele. Mwaka 1956 Mahakama ya Rufani ilikubaliana naye.

Jimbo likaifunga hifadhi. Seashore ilibaki imefungwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Waliopoteza hawakuwa Weusi, ambao hawakuwahi kuwa nayo. Familia za Weupe zilizozoea kukodi vibanda vyake ndizo zilizonyang'anywa na serikali iliyodai kuzilinda. Wanahistoria wa elimu wanaifahamu mbinu hii kwa sura nyingine. Katika wilaya ya Prince Edward wanafunzi wa shule ya Moton, mjini Farmville, waligoma Aprili 1951 wakiongozwa na Barbara Johns, na kesi yao ikawa mojawapo ya zile zilizounganishwa katika Brown. Kuanzia 1959 hadi 1964 wilaya hiyo ilifunga shule zake zote za umma kuliko kuzichanganya. Seashore ilitangulia kwa miaka minne. Si lazima kudai kwamba shule zilifungwa kwa kuiga hifadhi. Inatosha kuona kwamba wazo la kuifuta huduma ya umma kuliko kuigawana lilikwisha kutendwa ufukweni kabla ya kufika darasani.

Jimbo la South Carolina linasaidia kueleza hofu iliyokuwa nyuma ya maamuzi haya. Huko, hifadhi ya Edisto Beach ilifungwa mwaka 1956 baada ya kushtakiwa. Mwaka 1961 J. Arthur Brown na wenzake walifungua kesi juu ya hifadhi zote, na mahakama ilipoamuru mwaka 1963 utengano ukome, jimbo lilizifunga zote Septemba ya mwaka huo. Zilipofunguliwa tena mwaka 1964, zilikosa mambo mawili: kuogelea na vibanda vya kulala. Watu wangeweza kutembea na kula chini ya miti ileile. Wasioge katika maji mamoja wala kulala jirani. Hakuna hotuba ya mwanasiasa inayoeleza kwa uwazi zaidi mpaka uliotetewa ulikuwa wapi. Virginia nayo, kwa sheria ya mwaka 1924, iliharamisha ndoa kati ya Weupe na Weusi, na sheria hiyo ilidumu hadi kesi ya Loving mwaka 1967. Kambi huondoa kuta. Watu huonana wakiwa na mavazi ya kuogelea, watoto hucheza bila kuulizana ukoo, jioni moto mmoja huwavuta majirani. Yale ambayo wapenda mapumziko ya nje waliyasifu katika maisha ya kambi ndiyo hasa yaliyoitisha serikali.

Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964 iliondoa utengano katika huduma za umma. Katika Prince Edward uongozi wa maeneo mawili uliunganishwa mwaka 1976, na mwaka 1986 yakapewa jina la Twin Lakes, yaani maziwa pacha. Ufukwe wa kuogelea na uwanja wa mahema upo upande wa Goodwin Lake, uliokuwa wa Weupe. Upande wa Prince Edward Lake pana kituo cha mikutano, na kumbi zake hukodishwa kwa harusi na mikusanyiko ya familia.