Jina na Kiitwacho: Historia Fupi ya Mji wa Soko wa Songea

Mji wa Songea umesimama katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, karibu na milima ya Matogoro ambamo mto Ruvuma huchimbuka. Msafiri ajaye kwa ndege hutua Ruhuwiko, pembeni mwa mji. Akiuliza habari za mji huu, aghalabu hujibiwa kwa neno moja: mahindi. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni la jana tu. Songea haikuanza kuwa soko. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba historia yake yaweza kufuatwa kwa jambo ambalo ni haki ya mwanafunzi wa lugha: majina ya hapa yamedumu, na vitu viitwavyo kwa majina hayo vimebadilika chini yake.

Tuanze na jina la watu. Wangoni walitoka kusini mwa Afrika wakati wa misukosuko ya enzi ya Shaka. Kundi la Zwangendaba lilivuka mto Zambezi mwezi Novemba 1835, siku ambayo jua lilipatwa, likaendelea kaskazini hadi Ufipa, ambako kiongozi huyo alifariki katika miaka ya 1840. Hapo kundi likagawanyika. Sehemu moja iliingia nchi ya Ruvuma na kuwakuta Wangoni wengine, wa ukoo wa Maseko, ambao walikwisha kutangulia. Wamaseko walishindwa, wakarudi kusini ya mto. Washindi wakasimamisha falme mbili: Njelu, chini ya ukoo wa Gama, na Mshope, chini ya ukoo wa Tawete.

Washindi hao walikuwa wachache. Watu waliowateka njiani na wale waliowatiisha nchini, ambao waliitwa Wasutu, waliwazidi sana kwa idadi, na watoto wengi wa nyumba za Kingoni walizaliwa na kulelewa na mama wa Kisutu. Matokeo yake yaonekana katika kazi ya Padre Cassian Spiss, Mbenediktini aliyeanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898. Maelezo ya lugha aliyoyachapisha mwaka 1904 aliyapa jina la Kingoni na Kisutu, yaani lugha mbili zilizo mbali. Leo ile ya kwanza, iliyo jamaa ya Kizulu, haisemwi tena hapa. Isemwayo ni mrithi wa ile ya pili, nayo ndiyo iitwayo Kingoni. Katika mpangilio wa Guthrie imewekwa N12, kati ya Kimanda na Kimatengo, ilhali Kizulu kimo katika kundi la S. Walioshinda vita walipoteza lugha yao, na walioshindwa wakachukua jina la lugha hiyo pamoja na jina la watu. Koo za Gama, Zulu na Tawete na maneno kama nkosi na nduna ndizo athari zilizobaki za safari ile ndefu.

Sasa tuje kwenye mji. Kabla ya utawala wa Wajerumani, biashara ya nchi hii ilikuwa ya pembe na watumwa, nayo ilielekea Kilwa. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na vituo vyao barani, na kimoja kilichojulikana sana ni Kikole, makao ya Rashid bin Masoud. Lakini hivyo vilikuwa vituo vya misafara, havikuwa mji. Mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma karibu na makao ya Songea Mbano, nduna wa Njelu, na boma likachukua jina lake. Mwenyeji alikuwa hai. Yeyote aliyetaja Songea aliweza kuulizwa kama asema juu ya mtu au juu ya boma.

Swali hilo lilikatwa na vita vya Majimaji. Dawa ya maji iliingia Ungoni mwaka 1905. Mwezi Oktoba mwaka huo jeshi la Wangoni lilivunjwa huko Namabengo kwa bunduki za mtombo. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu wa Wangoni na wafuasi wao, zaidi ya watu 60, walinyongwa Songea, naye nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Songea Mbano naye aliuawa mwaka huohuo. Ukoo wake husema kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, nao hawajaacha kukidai. Basi walioua mtu ndio waliolihifadhi jina lake, kwa kuliandika juu ya barua na ramani zao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika kwenye Makumbusho ya Majimaji mjini hapa, akaomba msamaha mbele ya wazao wa nduna huyo. Mji umejaa jina lake. Mabaki yake bado yatafutwa.

Vita vilifuatwa na njaa, kwa sababu mashamba na ghala viliteketezwa makusudi. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 walikuta boma katika nchi ambayo haikuwa na cha kuuza isipokuwa nguvu za vijana wake. Wengi walikwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Soko lilianza kupata maana tumbaku ilipoenezwa mnamo mwaka 1930, na chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilipoanzishwa mwaka 1936. Hapo ndipo boma lilipopata ghala na mizani. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976. Lakini kwa mbolea, na kwa barabara ya lami kutoka Makambako iliyofika katika miaka ya 1980, mahindi yalichukua nafasi ya mbele. Ruvuma ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa kuwa mikoa minne ya kuilisha nchi. Sensa ya 2012 ilikuta watu 203,309 katika Manispaa ya Songea.

Katika Soko Kuu na kule Bombambili leo twaona mahindi, maharage na dagaa wa Nyasa. Hata hapa ile kanuni yetu yafanya kazi, na mkulima huilipia. Gunia kwa sheria lisizidi kilo 100. Lakini mnunuzi hulijaza, hulishona kwa kuliongeza kichwa, likawa lumbesa, kisha hulilipia bei ya gunia. Jina ni lilelile, uzito ni mwingine, na tofauti hutoka jashoni mwa aliyelima.

Mabishano hayo ya bei hufanywa kwa Kiswahili. Majina ya mitaa ya mjini yashuhudia hivyo: Majengo, Misufini, Mjimwema, na Bombambili lenyewe. Yale ya kando ndiyo yahifadhiyo lugha ya nchi. Ruhuwiko lina kiambishi kilekile kilichomo katika majina ya mito, Ruvuma, Ruhuhu na Ruhuila. Kingoni hutumika muuzaji na mnunuzi wanapotambuana kuwa ni watu wa ukoo au kijiji kimoja, na zaidi kwa wazee. Hatulaumu Kiswahili, ambacho ndicho kilichowawezesha Wangoni, Wamatengo, Wandendeule, Wayao na Wabena kufanya biashara pasipo mkalimani. Lakini yafaa kusema wazi kwamba jambo lililotokea katika karne ya 19 laweza kutokea mara ya pili: jina Kingoni likabaki, na lugha ikatoka.

Tofauti ni hii, kwamba mara ya kwanza alikuwapo mtu mmoja wa kuandika, naye aliandika zikiwa zimebaki siku chache: Spiss aliuawa Agosti 1905, mwanzoni mwa vita vilevile. Mara hii tunazo taasisi, vyombo vya kunasa sauti, na wanafunzi waliozaliwa katika lugha yenyewe. Kazi ya kwanza iwe sokoni, kwa maneno ya vipimo, mbegu, mafungu na mikopo, maana hayo ndiyo hubadilishwa mapema kuliko yote.