Mpodo wa Minziro: msonobari wa kinamasini

Malori yanayoshuka mlima Kitonga na kupita Ruaha Mbuyuni kuelekea Morogoro na Dar es Salaam hubeba shehena kubwa ya mbao za paini kutoka Mafinga. Paini ni mgeni nchini. Aina inayojulikana zaidi katika shamba la miti la Sao Hill, Pinus patula, asili yake ni Mexico. Ni wachache wanaojua kwamba Tanzania ina mti wake wa jamii ya misonobari unaoota kinamasini, kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya nchi, na kwamba historia yake imefungamana na ya paini wa Nyanda za Juu Kusini.

Mti huo ni mpodo ambao wataalamu wa mimea wanauita Afrocarpus dawei. Makazi yake yanayojulikana zaidi ni msitu wa Minziro, wilayani Missenyi mkoani Kagera, na misitu ya Sango Bay iliyo ng'ambo ya mpaka, Uganda, ambako mipodo huitwa musenene. Minziro una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 250, na msimu wa mvua sehemu kubwa ya ardhi yake hulala chini ya maji. Mpodo hauzai koni ngumu kama paini. Mti jike huzaa tunda la mbegu moja lenye nyama laini, na ndege na wanyama walao matunda ndio huisambaza mbegu hiyo. Miti dume hutoa chavua tu, kwa hiyo mpodo uliobaki peke yake hauna uzao.

Jambo linalowashangaza watafiti ni kimo cha mahali penyewe. Mipodo ya Usambara na ya milima mingine hupenda baridi ya juu, lakini Minziro iko mita 1,100 na ushei tu kutoka usawa wa bahari, na mipodo yake imechanganyika na miti ya misitu ya Kongo. Wengi huoanisha hali hiyo na zama za baridi kali duniani. Wakati huo miti ya milimani iliweza kuishi mabondeni, na Ziwa Viktoria lenyewe lilikauka kabisa kabla ya kujaa upya miaka ipatayo 15,000 iliyopita. Joto liliporudi, sehemu nyingine miti hiyo ilibaki vileleni tu, ila pembezoni mwa ziwa, kwenye udongo uliojaa maji, mipodo ilisalia.

Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waligawana eneo hilo kwa mstari wa nyuzi moja kusini mwa Ikweta. Msitu mmoja ukawa wa serikali mbili: Minziro upande wa Wajerumani, Sango Bay upande wa Waingereza. Morley Thomas Dawe, aliyesimamia bustani ya mimea na misitu huko Entebbe, alitoa mwaka 1906 ripoti ya safari yake katika misitu ya Buddu na magharibi ya Uganda. Mwaka 1917 Otto Stapf wa bustani ya Kew, Uingereza, aliupa mti huo jina la kitaalamu kwa heshima ya Dawe.

Wakati wasomi wakiupa majina, wapasua mbao walikuwa na hesabu zao. Afrika Mashariki ilikuwa na miti mingi ya mbao ngumu kama mvule na mninga, lakini mbao laini za asili zilitoka kwenye miti michache tu, hasa mpodo na mwangati. Huko Shume, Usambara, kampuni ya Kijerumani ya Wilkins & Wiese ilijenga waya wa kuteremshia magogo ya mwangati hadi relini Mkumbara kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mbao za podo nazo zilitafutwa kwa sababu ni nyeupe, zimenyooka, hazina harufu wala utomvu, na hulainika vizuri chini ya randa. Lakini mti wenyewe hukua polepole, na msumeno hauna subira.

Suluhisho la wakoloni lilikuwa kupanda miti ya kigeni inayokua haraka. Majaribio ya Sao Hill yalianza mwaka 1939, na upandaji mkubwa ukafanyika baada ya uhuru, kuanzia miaka ya 1960. Leo fundi wa Dar es Salaam anayetafuta mbao laini za kenchi hanunui podo, ananunua paini. Kila shehena inayotoka Mafinga inapunguza sababu ya kuingia Minziro na msumeno.

Sababu hiyo haijaisha hata hivyo. Msitu wa mpakani ni mgumu kulinda: gogo linakatwa nchi moja na kuuzwa nyingine. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, Minziro ikiwemo, na uhifadhi ukawa jambo la mwisho katika akili za watu. Miaka 20 baadaye, 1998, mradi wa nchi za Afrika Mashariki uliofadhiliwa kupitia Umoja wa Mataifa ulianza kuitazama Minziro na Sango Bay kama mfumo mmoja. Mwaka 2006 Uganda iliiingiza Sango Bay katika orodha ya ardhi oevu ya Mkataba wa Ramsar. Katika muongo uliofuata Tanzania iliipandisha Minziro kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, hadhi ileile uliyonayo msitu wa Uzungwa Scarp. Hadhi hiyo hailindi mpodo peke yake: wamo makumi ya aina za ndege ambao hawaonekani kwingine Tanzania.

Lakini hadhi ya karatasi hailindi maji, na hapo ndipo wakazi wa Ruaha Mbuyuni wana la kuwafundisha wenzao wa Kagera. Mto unaopita kwao, Ruaha Mkuu, hupata maji yake ya kiangazi kutoka Ihefu, kinamasi cha bonde la Usangu mkoani Mbeya. Mashamba ya mpunga yalipoongezeka na mifereji kuvuta maji hata kiangazi, kinamasi kilishindwa kuyamwaga mtoni. Tangu mwaka 1993 Ruaha ilianza kukatika kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 mto ungetiririka mwaka mzima. Usangu iliunganishwa na hifadhi mwaka 2008, lakini mwaka 2017 Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alilazimika kuunda kikosi kazi cha kuunusuru mto uleule. Kuchora mpaka kulichukua muda mfupi. Kurudisha maji kunachukua miongo.

Minziro bado haijafikia hapo, na hiyo ndiyo nafasi yake. Kinamasi kikikauka, moto wa nyika zinazouzunguka msitu utapata njia ya kuingia mahali ambapo maji yaliuzuia kwa karne nyingi, na miche ya mpodo haitastahimili. Kwa hiyo ulinzi wa mti huu uanze mbali na mti wenyewe: kwenye mifereji, kwenye moto wa wafugaji, na kwenye makubaliano ya Tanzania na Uganda kuhusu maji ya Kagera. Askari wa misitu anaweza kumkamata mwenye msumeno, lakini hana uwezo wa kulijaza maji bonde lililokwisha kukauka.