Kompyuta inapozimika ghafla: Jinsi kiini cha Linux kinavyoandaliwa kutoa ushahidi

KOMPYUTA inapoganda ghafla katikati ya kazi, mtumiaji huona skrini iliyosimama tu. Kwa mhandisi anayeitunza, swali la kwanza huwa lingine: je, kabla ya kusimama, imeacha maelezo yoyote ya kilichoisibu?

Jibu la swali hilo haliandaliwi siku ya tukio. Huandaliwa mapema, siku kiini cha mfumo endeshi kinapojengwa, pale mjenzi anapochagua ni vifaa gani vya kusakia hitilafu vitiwe ndani na vipi viachwe nje. Kifaa kilichoachwa nje siku hiyo hakiwezi kuingizwa baada ya kompyuta kuzimika.

Kiini ni ile sehemu ya mfumo endeshi inayotawala prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao, na kuzigawia programu nyingine zote. Programu ya kawaida ikikosea, kiini huifunga na kazi nyingine zikaendelea. Kiini chenyewe kikikosea, hakuna aliye juu yake wa kukifunga wala wa kuandika taarifa kwa niaba yake. Hapo ndipo ugumu wa kazi hii unapoanzia.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni Linux, kiini kilichotangazwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, Finland. Ndicho kinachoendesha seva nyingi za intaneti na simu zote za Android. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, yeyote mwenye ujuzi anaweza kukijenga upya kwa machaguo anayoyataka.

Machaguo hayo huandikwa katika faili liitwalo .config, na njia ya kawaida ya kuyafikia ni amri ya make menuconfig, inayofungua orodha ndefu ya kuteua kwa kibodi. Yanayohusu kusaka hitilafu yamekusanywa karibu na mwisho wa orodha, katika sehemu iitwayo Kernel hacking. Mengi hujibiwa kwa ndiyo au hapana tu, na kubadili jibu maana yake ni kujenga kiini upya na kuwasha kompyuta upya.

Jambo la kwanza ni ujumbe. Kiini huandika habari zake katika eneo dogo la kumbukumbu, ambalo kwa kawaida ni kilobaiti 128, na likijaa, maneno mapya hufuta ya zamani. Katika mtambo wenye maneno mengi, chanzo cha tatizo huweza kufutwa na malalamiko yaliyofuata. Chaguo la LOG_BUF_SHIFT hupanua eneo hilo, na gharama yake ni ndogo mno kiasi kwamba ni vigumu kupata sababu ya kuliacha.

Ugumu zaidi upo pale kiini kinapokufa kabla hakijajua hata skrini iko wapi. Hali hiyo huwapata sana wanaotengeneza vifaa vipya vyenye prosesa za ARM: umeme unawaka, kisha kimya. Kwa ajili yao lipo chaguo la DEBUG_LL, linalokipa kiini njia fupi ya kusukuma herufi moja moja kwenye waya wa mawasiliano, bila kusubiri sehemu nyingine za mfumo ziamke.

Njia hiyo ina masharti. Anwani ya waya huandikwa ndani ya kiini kwa ajili ya kifaa kimoja mahususi, na kiini hicho kikipelekwa kwenye kifaa cha aina nyingine hakiwaki. Waandishi wa Linux waliona hatari hiyo wakaweka, katika jina lenyewe la chaguo, agizo la kumtaka mtu asome maelezo kwanza. Ni machaguo machache sana yaliyopewa heshima hiyo, na bado wapo wanaoliwasha bila kusoma, kisha wakashangaa kifaa cha jirani kikibaki kimya.

Kiini kinapogundua kuwa kimekosea, huchapa taarifa yenye orodha ya namba: mahali prosesa ilipokuwa, na mfululizo wa hatua zilizoifikisha hapo. Bila msaada, namba hizo hazimwambii mtu kitu. Chaguo la KALLSYMS huzigeuza kuwa majina ya sehemu za programu, na DEBUG_INFO humwezesha mhandisi kufika hadi kwenye mstari wenyewe wa msimbo. DEBUG_INFO hunenepesha sana mafaili ya ujenzi, lakini halipunguzi kasi ya kompyuta. Ndiyo maana wasambazaji kama Debian na Fedora huyahifadhi maelezo hayo katika vifurushi vya pembeni, ili mwenye kuyahitaji ayachukue.

Makosa ya kumbukumbu ndiyo yanayosumbua zaidi. Sehemu ya kiini huomba chumba cha kumbukumbu, hukitumia, hukirudisha, kisha huendelea kukitumia kama mpangaji aliyerudisha ufunguo lakini akabaki na nakala. Chumba kikishapewa mwingine, wawili hao huharibiana mali, na anayelalamika huwa mara nyingi yule asiye na kosa. Uharibifu huonekana mbali, na pengine saa nyingi baada ya kosa kutendeka.

Dawa ya zamani ni kukipaka rangi chumba kilichorudishwa. Kwa SLUB_DEBUG, kiini huweza kukijaza chumba kitupu kwa namba 6b iliyorudiwa-rudiwa, ambayo katika mpangilio wa herufi za kompyuta ni k ndogo. Mhandisi akiziona 6b zimejipanga katika taarifa ya ajali, hujua mara moja kuwa kuna aliyeingia katika chumba kisicho chake. Uzuri wa chaguo hili ni kwamba linaweza kujengwa ndani na kubaki limelala, likaamshwa kwa neno moja wakati wa kuwasha kompyuta.

Dawa kali zaidi ni KASAN, iliyoingia katika Linux toleo la 4.0 mwaka 2015. Katika sura yake ya kawaida, hutenga sehemu moja ya nane ya kumbukumbu yote kuwa daftari la nani anaruhusiwa kugusa wapi, na hulikagua daftari hilo kila mara kumbukumbu inapoguswa. Humnasa mkosaji akiwa bado katika tendo. Hata hivyo, kwa mujibu wa maelezo ya waliolitengeneza, kiini hupungua kasi kiasi cha mara 3, na hakuna benki wala kampuni ya simu itakayokubali bei hiyo kwenye seva inayohudumia wateja.

Ndipo mwaka 2021, katika toleo la 5.12, ikaja KFENCE. Hii haikagui kila kitu, huchukua sampuli. Kila baada ya muda mfupi huteua chumba kimoja na kukizungushia uzio, na hutumia takribani megabaiti 2 tu za kumbukumbu. Kwenye kompyuta moja huenda isinase chochote kwa miezi, lakini kwenye maelfu ya kompyuta zinazofanya kazi mchana na usiku, hitilafu adimu hujikuta imeingia mtegoni.

Kundi jingine la hitilafu ni la makufuli. Kazi mbili zinazotaka kutumia kitu kimoja hufungiana mlango ili zisigongane. Tatizo hutokea kila moja inapohitaji vitu viwili: mmoja ameshika kinu, mwingine ameshika mchi, na kila mmoja anamngoja mwenzake aachie. Hakuna anayetwanga, na kompyuta husimama bila kutoa taarifa yoyote.

Chaguo la PROVE_LOCKING, lililoingia toleo la 2.6.18 mwaka 2006 kwa kazi ya Ingo Molnar, hufanya jambo ambalo macho ya binadamu hayawezi. Hurekodi mpangilio ambao makufuli hufungwa, na likiona mipangilio miwili inayopingana hutoa onyo, hata kama kusubiriana kwenyewe hakujawahi kutokea. Likishatoa onyo la kwanza hujizima. Kwa hiyo onyo dogo lisilotibiwa huweza kuficha kubwa lililo nyuma yake, jambo ambalo wajenzi wengi hulisahau.

Thamani ya kuacha vifaa vya aina hii ndani ya mfumo unaofanya kazi ilionekana mwaka 1997, mbali na dunia. Chombo cha Mars Pathfinder cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilitua kwenye sayari ya Mirihi tarehe 4 Julai mwaka huo. Hakikuendeshwa na Linux bali na mfumo mwingine uitwao VxWorks, lakini tatizo lililokipata lilikuwa la makufuli.

Siku chache baada ya kutua, kompyuta ya chombo hicho ilianza kujizima na kujiwasha yenyewe. Kila ilipofanya hivyo, kazi za siku hiyo zilizokuwa zimebaki ziliahirishwa hadi kesho yake. Katika safari ambayo hakuna aliyejua chombo kingedumu kwa muda gani, kila siku iliyopotea ilikuwa hasara isiyofidika.

Wahandisi wa maabara ya JPL, jimboni California, walikuwa na pacha wa chombo hicho. Ndani ya programu mlikuwa na kifaa cha kurekodi matukio ya kiini, kilichotengenezwa zamani kwa ajili ya kusaka hitilafu nyingine na kuachwa humo kwa makusudi. Glenn Reeves, aliyeongoza timu ya programu, alieleza baadaye kwamba walifuata msimamo wa kurusha kile kile walichokijaribu. Waliwasha kifaa hicho maabara, na katika muda usiofika saa 18 hitilafu ikajirudia mbele yao.

Rekodi ilionyesha kilichotokea. Kazi ndogo ya kukusanya takwimu za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli, ikakatizwa na kazi za cheo cha kati, huku kazi kubwa ya kusambaza taarifa za chombo ikilingoja kufuli hilo hilo. Msimamizi wa ratiba alipoona kazi kubwa haijamalizika kwa wakati, aliamuru kompyuta ianze upya. Tiba ilikuwa kubadili mpangilio mmoja, ili aliyeshika kufuli apewe kwa muda cheo cha anayemngoja. Marekebisho yakatumwa Mirihi kwa mawimbi ya redio, na tatizo likaisha.

Je, basi mjenzi awashe kila kitu? Wazoefu hawashauri hivyo. Mbali na kupunguza kasi, vifaa hivi hubadili wakati wa matukio, na zipo hitilafu zinazotegemea mpishano wa sehemu ndogo sana ya sekunde. Mtu huwasha machaguo yote, tatizo likatoweka; huyazima, likarudi. Aliye na uzoefu hujenga viini viwili, kimoja cha maabara kilichojaa ulinzi wote na kingine cha kazi chenye vile vya bei nafuu. Fedora, kwa mfano, huwapa watumiaji wake kiini cha pili cha namna hiyo kikiwa tayari kimejengwa.

Torvalds mwenyewe hakuwahi kuvipenda vifaa vyote vya aina hii. Mwaka 2000 aliandika wazi kuwa hapendi programu za kukisimamisha kiini na kukikagua hatua kwa hatua, akiamini kuwa ugumu humlazimisha mtu kufikiri. Hata hivyo, KGDB, ambayo hufanya kazi hiyo hasa, ilipokelewa katika toleo la 2.6.26 mwaka 2008, na wengi wanaotengeneza viendeshi vya vifaa hawangekubali kuiacha.

Suala la usalama nalo halipuuzwi. Anwani zinazomsaidia mhandisi kusoma ajali ndizo zinazomsaidia mvamizi kujua pa kupiga. Tangu toleo la 4.15 la mwaka 2018, anwani nyingi huchapwa zikiwa zimefichwa, na anayetaka zionyeshwe waziwazi katika matoleo ya sasa hupewa onyo kubwa lililozungushiwa nyota kila kompyuta inapowaka. Vivyo hivyo kwa MAGIC_SYSRQ, linalomruhusu aliye mbele ya kibodi kuamuru kiini kihifadhi diski na kuanza upya hata kila kitu kingine kikiwa kimeganda. Kwenye seva iliyofungiwa chumbani ni mkombozi, ila kwenye kompyuta ya ukumbi wa umma ni kitufe cha kuizima mikononi mwa mpita njia.

Kwa seva zenye kazi nzito, chaguo lisilopaswa kukosekana ni CRASH_DUMP, msingi wa utaratibu wa kdump ulioingia toleo la 2.6.13 mwaka 2005. Sehemu ya kumbukumbu hutengwa mapema na kuwekwa kiini cha pili kilicholala. Kiini kikuu kikifa, cha pili huamka, hunakili kumbukumbu ya marehemu kwenye diski au kupitia mtandao, kisha huwasha kompyuta upya. Huambatana vizuri na PANIC_ON_OOPS, linalokiamuru kiini kilichokosea kusimama mara moja badala ya kuendelea kikiwa kimejeruhiwa. Kwa mtu binafsi kusimama huko ni kero, lakini kwa mwenye hesabu za watu kwenye diski, kiini kilichojeruhiwa kinachoendelea kuandika ni hatari kubwa kuliko kilichosimama.

Anayetaka kujua kiini anachokitumia kilijengwa kwa machaguo gani anaweza kuanzia kwenye saraka ya /boot, ambako wasambazaji wengi huweka nakala ya faili la machaguo yenye namba ya toleo. Ikikosekana, huitafuta katika /proc/config.gz, ingawa hiyo nayo huonekana tu iwapo mjenzi alikubali chaguo la IKCONFIG_PROC.