Fildi ya miaka miwili, na kijana aliyewasha taa za Kyoto

Nimekuwa kimya siku kadhaa, mnisamehe. Kazi zilinibana, na umeme wa mtaani kwetu nao una tabia zake.

Jumapili iliyopita alikuja nyumbani mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayesoma uhandisi wa umeme mwaka wa tatu. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka fildi, kwenye kituo kimoja cha kufua umeme ambacho sitakitaja. Nikamuuliza, haya mhandisi, umetuletea nini? Akacheka, akanipa daftari lake la fildi. Wiki nane zimejazwa kwa kalamu moja, na saini za msimamizi, zote, zimemwagwa siku moja ya mwisho. "Kaka," akaniambia, "jenereta niliiona kupitia dirishani. Ninachokumbuka vizuri ni kutoa fotokopi."

Nilicheka naye, lakini baada ya kumsindikiza kituoni nikaanza kujiuliza. Hivi hii desturi ya kumtoa mwanafunzi darasani na kumpeleka kazini aliianzisha nani, na alikuwa anatafuta nini? Nikajua itakuwa Uingereza au Ujerumani. Nikachimba, na nikajikuta Japani.

Twende taratibu. Mwaka 1863 vijana watano wa Choshu, eneo la kusini-magharibi mwa Japani, walitoroka nchi yao kwa meli kwenda Uingereza. Nasema walitoroka kwa sababu wakati huo Mjapani kutoka nje ya nchi bila kibali lilikuwa kosa la kunyongwa. Mmoja wao aliitwa Yamao Yozo. Baada ya muda London, akaenda Glasgow, mchana akifanya kazi kwenye karakana za kuunda meli za Napier, na jioni akihudhuria masomo katika Chuo cha Anderson. Kwenye masomo hayo hayo ya jioni alikuwepo kijana wa Kiskochi, Henry Dyer, naye akishinda karakana mchana na kusoma usiku.

Miaka michache baadaye Yamao ni mtu mkubwa katika Wizara ya Ujenzi na Viwanda ya serikali mpya ya Meiji, anataka chuo cha wahandisi. Mkuu wa chuo akatafutwa Glasgow, akapatikana Dyer. Alifika Tokyo mwaka 1873, akiwa na miaka 24. Ishirini na nne! Mtaala wa chuo kizima aliupanga akiwa melini.

Na mtaala wenyewe ndio ulionifanya niache chai ikapoa. Ulikuwa wa miaka 6. Miwili ya kwanza mwanafunzi yuko chuoni, anasoma hesabu, sayansi, uchoraji, Kiingereza. Miwili inayofuata, kila mwaka miezi 6 chuoni na miezi 6 kazini katika fani yake. Miwili ya mwisho yuko kazini moja kwa moja: kwenye reli, minara ya taa ya pwani, telegrafu, migodi, karakana za Akabane. Jumlisha mwenyewe. Nusu ya masomo ilikuwa fildi.

Kwa nini Dyer alifanya hivyo? Sababu yake ilikuwa rahisi. Waingereza wa zama zile walikuwa wakimfundisha mhandisi kwa kumtupa karakanani miaka kadhaa, nadharia atajiokotea mwenyewe. Wafaransa na Wajerumani walimfungia darasani. Yeye alikuwa amezionja pande zote mbili kwa tabu, mchana nyundo, usiku daftari, na akaona Wajapani hawana sababu ya kuchagua. Kuna kejeli tamu hapa: Mskochi alienda kuweka Japani kitu ambacho nchi yake mwenyewe ilikuwa bado haijakikubali.

Sasa mwanafunzi. Jina lake Tanabe Sakuro, alizaliwa 1861, akaingia chuo cha Dyer mwaka 1877. Ilipofika zamu yake ya kwenda kazini, akaenda Kyoto.

Kyoto wakati huo ilikuwa mji uliofiwa. Kwa zaidi ya miaka 1,000 ulikuwa makao ya mfalme, kisha mwaka 1869 mfalme akahamia Tokyo, na wakubwa wote wakamfuata, na biashara ikawafuata wakubwa. Watu wakapungua. (Fikiria mji wowote unaoujua siku ofisi zote zinapohama.) Gavana wa Kyoto, Kitagaki Kunimichi, alikuwa na wazo moja analoliota: kutoa maji Ziwa Biwa, yapite chini ya milima, yaingie mjini. Mashua zisafirishe mizigo, mashamba yanywe, na magurudumu ya maji yaendeshe viwanda. Watu walikuwa wameliota wazo hilo kwa karne kadhaa, ila milima haikuondoka.

Tanabe akapita njia hiyo kwa miguu na vyombo vya upimaji, mwanafunzi, bila cheo. Akiwa katika kazi hiyo akaumia mkono wa kulia, ule wa kuandikia. Hakurudi nyumbani. Ripoti yake ya kumalizia chuo, kuhusu mfereji huo huo wa Ziwa Biwa, aliiandika na kuichora kwa mkono wa kushoto. Akahitimu mwaka 1883, na gavana akamwajiri kuujenga. Hakuna mhandisi wa kigeni aliyewekwa juu yake. Alikuwa na miaka 21.

Najiuliza ni ofisi ipi leo ingemkabidhi kijana wa miaka 21 hata ufunguo wa stoo. Lakini angalia kilichompa gavana ujasiri: yule kijana hakuja na cheti tu, alikuja na vipimo vya milima ile ile. Aliijua kazi kabla haijaanza.

Ujenzi ulianza 1885. Handaki la kwanza lilikuwa na urefu wa mita 2,436, refu kuliko yote Japani kwa wakati ule. Kuharakisha kazi walichimba shimo la wima katikati ya mlima ili wachimbaji watoboe kutoka ndani kwenda pande zote mbili, huku wengine wakija kutoka kwenye midomo ya handaki. Maji yalikuwa yanabubujika shimoni na pampu hazitoshi. Matofali walifyatua wenyewe. Watu walikufa pia. Mwaka 1902 Tanabe alisimamisha mnara wa kumbukumbu ya watu 17 waliofia kazini, kwa pesa zake.

Lakini hadi hapa sijagusa umeme, na ndio sehemu ninayoipenda. Mpango wa awali ulikuwa wa magurudumu ya maji, kama vinu vya kusagia. Mwaka 1888, mfereji ukiwa katikati, Tanabe na mwenzake Takagi Bunpei walikwenda Marekani kuangalia wenzao wanavyotumia nguvu ya maji. Wakatembelea miji ya viwanda ya Massachusetts, kisha wakasikia habari za Aspen, Colorado, mji wa migodi ya madini ya fedha, ambako maji yalikuwa yanazungusha jenereta. Wakasafiri hadi kule mlimani. Wakarudi na shauri jipya: tuachane na magurudumu, tufue umeme.

Mfereji ulimalizika 1890. Mwaka 1891 kituo cha Keage kikaanza kutoa umeme, kituo cha kwanza Japani kufua umeme wa maji kwa ajili ya kuuza. Umeme ule ukavuta mashua kwenye mteremko zilikokuwa haziwezi kuelea, ukaendesha mashine za viwanda, na mwaka 1895 ukatembeza tramu ya kwanza ya umeme nchini humo, katika mji ule ule uliodhaniwa unakufa.

Tanabe hakuwa peke yake. Mwaka 1878, tarehe 25 Machi, profesa William Ayrton na wanafunzi wake wa chuo hicho hicho waliwasha taa ya umeme ukumbini Tokyo, na Wajapani wanaikumbuka tarehe hiyo kama siku ya umeme. Mmoja wa wanafunzi wale, Fujioka Ichisuke, ndiye aliyekuja kuwa injini ya kampuni ya taa za umeme ya Tokyo.

Waingereza walikuja kuamka pole pole. Mwaka 1903 chuo cha ufundi cha Sunderland, mji wa meli na makaa ya mawe, kilianza utaratibu wa wanafunzi kukaa chuoni miezi ya baridi na viwandani miezi ya joto. Baadaye masomo ya namna hii yakaitwa "sandwichi", kwa sababu kazi imebanwa katikati ya masomo kama nyama ndani ya mkate. Miaka mitatu baada ya Sunderland, Herman Schneider wa Chuo Kikuu cha Cincinnati, Marekani, akaanza na wanafunzi 27 waliopangwa wawili wawili: wiki hii wewe darasani mimi kiwandani, wiki ijayo tunabadilishana. Mwajiri hakukaa siku moja bila mtu kwenye mashine, na mwanafunzi alilipwa. Hiyo ya kulipwa ishike, nitairudia.

Mwaka mzima mfululizo kazini ulikuja kuwa jambo la kawaida Uingereza baada ya Vita Kuu ya Pili. Walitishwa na idadi ya wahandisi waliokuwa wakizalishwa na Warusi, na mwaka 1956 serikali ikatoa waraka wa elimu ya ufundi uliozaa vyuo vya teknolojia ya juu. Mwaka huo huo, Oktoba, Malkia Elizabeth alifungua kituo cha nyuklia cha Calder Hall. Nchi iliyokuwa inajenga vinu vya nyuklia, na iliyounganisha kila kona na gridi moja, haikuweza kusubiri mhitimu afike kazini ndipo ajue vali ni nini. Vyuo vile viligeuzwa vyuo vikuu mwaka 1966, Bath, Brunel, Loughborough, Surrey na wenzao, na hadi leo mwanafunzi wa huko anaweza kukaa mwaka mzima kwenye kampuni ya mafuta, ya gridi au ya mitambo ya upepo, kabla ya kurudi kumaliza digrii. Na analipwa mshahara.

Hapo ndipo ilipo tofauti, naona. Mtu unayemlipa humtumi fotokopi mwaka mzima, roho inauma. Na mtu anayekaa miezi 12 anapita misimu yote: anaona mitambo ikizimwa kwa matengenezo na kuwashwa tena, anakuwepo usiku hitilafu inapotokea. Wiki nane ni mgeni. Mgeni anapewa kiti.

Sisi tulianza vizuri, tusijidharau. Kitivo cha Uhandisi pale Mlimani kilifunguliwa 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mafunzo kwa vitendo yaliwekwa ndani ya digrii tangu mwanzo. Majirani zetu Wakenya walikwenda mbali zaidi katika jotoardhi: kwa miongo kadhaa wamekuwa wakipeleka wataalamu wao Iceland kwa mafunzo ya miezi 6, yanayotolewa tangu 1979, na wanaowafuata wanawakuta Olkaria. Hao si wanafunzi wa digrii, najua, lakini miezi 6 kwenye visima vya mvuke si mchezo.

Nilimpigia mdogo wangu simu juzi kumsimulia habari za Tanabe. Akanyamaza, halafu akauliza alilala wapi huko Kyoto, na nani alimlipia chakula. Nikamwambia chuo kilikuwa cha wizara. Akasema, "Basi hapo sawa." Yeye kwa zile wiki nane nauli ya daladala alikuwa akiitoa kwa mama mdogo.

Mwaka ujao ana fildi ya mwisho. Anataka Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mitambo 9. Barua ameshaandika. Amenitumia niisome, na ndani yake ameomba jambo ambalo fomu ya chuo haina nafasi yake: kwamba wiki nane zikiisha, aruhusiwe kubaki.