Dunia inavyoonekana kutoka kule juu, na Kivu yetu ndani yake

Juzi, baada ya kipindi cha jioni, mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Kalehe alipiga simu redioni. Hakuuliza habari za msaada wala za barabara. Aliuliza: "Mwanangu, hiyo setilaiti munayosema kila siku, inatuona hapa tunapolala?" Nilimjibu haraka haraka, tena vibaya. Leo nataka kujibu vizuri, maana najua hofu hiyo si yake peke yake.

Setilaiti si za aina moja. Kuna zinazopita chini, kilomita mia kadhaa tu juu yetu, na baadhi ya hizo zinaweza kupiga picha ya nyumba. Lakini zile za hali ya hewa ninazozitaja kwenye matangazo nyingi zinakaa mbali sana, kilomita 35,786 juu ya ikweta. Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika mwaka 1945 kwamba chombo kilichowekwa umbali huo kingeizunguka dunia kwa siku moja, sawasawa na dunia inavyojizungusha yenyewe. Kwa hiyo ukikitazama ukiwa chini kinaonekana kama kimesimama. Ndiyo sababu parabole ya jirani yako Kadutu ikishafungwa juu ya bati haizungushwi tena.

Wazo hilo lilingoja miaka 18. Mwezi wa 7 mwaka 1963 Wamarekani walirusha Syncom 2. Njia yake ilikuwa imeinama, hivyo kila siku ilipanda kaskazini na kushuka kusini, ikichora kama namba 8 angani. Mwezi uliofuata, Rais Kennedy akiwa Washington aliongea kupitia chombo hicho na Waziri Mkuu wa Nijeria, Abubakar Tafawa Balewa, kwa msaada wa meli iliyotia nanga Lagos. Basi sauti ya Afrika ilikuwa kati ya zile za kwanza kupita huko. Lakini Syncom 2 haikuwa na kamera.

Kamera ilikuja na ATS-1, mwezi wa 12 mwaka 1966, kwa picha nyeusi na nyeupe. Mtaalamu Verner Suomi wa Wisconsin alitumia ujanja mmoja: setilaiti ilizunguka kama pia ya watoto, na kila mzunguko ulichora mstari mmoja. Mistari ikipangwa mmoja chini ya mwingine, dunia inatokea. Mwezi wa 11 mwaka 1967, ATS-3 ilituma picha ya rangi ya dunia nzima ya duara. Katikati ilikuwa Amerika ya Kusini. Afrika ilikuwa ukingoni tu.

Sisi tulingoja miaka 10 zaidi. Tarehe 23 Novemba 1977 Wazungu wa Ulaya walirusha Meteosat-1, wakaiweka juu ya Ghuba ya Gine. Walitaka kujua mvua ya kwao. Lakini anayekaa juu ya ikweta mahali pale, Afrika ndiyo inayojaa katikati, na Ulaya inabanwa kule juu kama nguo kwenye pindo. Nakiri jambo hilo linanifurahisha. Nchi yetu wakati huo iliitwa Zaire.

Sasa, nini kinaonekana? Nyosha mkono mbele yako na utandaze vidole: dunia ingejaa karibu nafasi yote kutoka kidole gumba hadi kidole kidogo. Haigeuki. Sahara iko palepale, ya manjano, na msitu wa Kongo palepale, kijani cha giza. Kinachotembea ni mwanga. Bukavu tukiamka saa kumi na mbili asubuhi, dunia kule juu ni kama mwezi mchanga: ukanda mwembamba unaong'aa upande wa kulia, na mpaka wake ndio umetufikia. Saa nane mchana wa kwetu dunia imejaa yote. Saa nane usiku imezimika. Mpaka wa nchi hata mmoja hauonekani.

Saa sita mchana vidoto vyeupe vinaanza juu ya msitu. Ifikapo jioni vimevimba na kuungana. Hizo ndizo radi zetu.

Na wewe, mama? Kwenye picha za kawaida za Meteosat zilizorushwa kati ya 2002 na 2015, nukta moja ni kilomita 3 kwa 3 pale katikati, na kwetu pembeni inapanuka zaidi. Ziwa Kivu ni doa dogo. Idjwi ni doa dogo zaidi. Kambi nzima, na mahema yake yote, inamezwa ndani ya nukta moja pamoja na mashamba na kilima. Setilaiti hiyo haikuoni.

Jibu hilo lina uchungu wake pia. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko Nyamukubi, mvua iliangusha milima juu ya Bushushu na Nyamukubi, na watu zaidi ya 400 walikufa. Setilaiti ya aina hii huona kichwa cha wingu na baridi yake. Haioni mto unaojaa mawe, wala mteremko uliokatwa miti, wala mama anayepanga vitenge vyake sokoni. Hayo huonwa na mtu aliye juu ya kilima, mwenye simu yenye chaji na namba ya kupiga.

Nilimrudia kwa simu nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama usiku nayo inalala. Nikamwambia hailali: gizani inapima joto la mawingu, na picha zinaendelea kushuka kila baada ya dakika chache. "Basi mvua ya usiku munaiona," akasema. "Na sisi munatuamsha saa ngapi?"