Kivilio, Si Kiharusi Kidogo

Katika kipeperushi cha presha nilichopewa Kitengela, kaunti ya Kajiado, vile vidoa vya damu ambavyo MRI huonyesha ndani ya ubongo vimeitwa "viharusi vidogo vya kuvuja damu kimyakimya". Jina hilo ni refu na halisemi kweli.

Kiharusi hujulikana kwa kinachomfanyia mtu: mdomo kwenda upande, mkono kulegea, ulimi kuwa mzito. Vidoa hivi havileti lolote la ghafla namna hiyo. Wala havivuji. Mshipa mwembamba uliochoshwa na presha ulipenyeza damu kidogo zamani, damu ikasimama, mwili ukaisafisha ukabakiza chuma chake, na chuma hicho ndicho MRI inachokiona. Ukimwambia mama wa Kajiado kwamba damu "inavuja" kichwani mwake, umemnyima usingizi bure.

Neno tunalo. Via ni kukwama kabla ya kukomaa, ndiyo maana yai lililoshindwa kuanguliwa likaitwa viza. Kwenye via tukapata vilia: mtu akigongwa, damu humvilia chini ya ngozi. Vilia ikazaa mvilio. Udogoshe mvilio, unapata kivilio, wingi vivilio. Damu iliyotoka, ikakwama, ikaacha alama: yote yamo katika silabi nne. Wapo wanaong'ang'ania "vitone". Tone hudondoka, hiki kimetulia palepale. Wakubwa wa istilahi hunijibu kwamba kivilio hakijazoeleka. Kitazoelekaje kikifungiwa kabatini? Kajiado lenyewe ni jina la Kimaasai, Olkejuado, mto mrefu: waliolitunga walitaja walichokiona, hawakungoja kikao.

Tena kuna suala la ukali. Kivilio hupimwa kwa milimita, na kwa kawaida hakizidi 10. Kiharusi cha mshipa kupasuka hupimwa kwa mililita za damu, na huua takriban wagonjwa 4 kati ya 10 ndani ya mwezi mmoja. Kuviita vyote kiharusi ni kufuta mpaka huo. Vivilio vingi, hata hivyo, huonya kwamba mishipa imechakaa, na daktari huvizingatia kabla ya kuandika dawa ya kuzuia damu kuganda.

Matumizi: "Picha imeonyesha vivilio vitatu vya ubongo."

Nawaomba wanaoandaa kipeperushi kijacho wafute "viharusi vidogo", waandike vivilio, na chini yake waongeze kwa herufi kubwa: pima presha, meza dawa kila siku.