Mfanyakazi akiondoka, akaunti yake nayo ifungwe

Mfanyakazi akiacha kazi hurudisha funguo, kitambulisho na kompyuta. Kinachosahaulika mara nyingi ni akaunti zake: barua pepe ya ofisi, mfumo wa mishahara, mfumo wa stoo. Zikibaki wazi, ni sawa na mlango wa nyuma usio na komeo.

Hasara yake ilionekana Marekani Mei 2021. Wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa kampuni ya bomba la mafuta ya Colonial Pipeline kwa akaunti ya zamani ambayo haikutakiwa kuwa bado inafanya kazi. Nywila yake haikuwa nyepesi, ila ilishavuja, na mfumo haukudai uthibitisho wa pili. Bomba lilisimama siku tano, foleni zikajaa kwenye vituo vya mafuta, na kampuni ikawalipa wadukuzi bitcoin 75, wakati huo takriban dola milioni 4.4.

Hata ofisi ya watu kumi inaweza kujikinga:

1. Kila mtu na akaunti yake. Watano wakitumia nywila moja, pesa ikipotea hutajua nani aliingia.

2. Ruhusa ziendane na kazi. Keshia aone mauzo. Mishahara ya wenzake haimhusu.

3. Mtu akihama idara, ruhusa za zamani ziondolewe. Wengi huongezewa mpya tu, mwisho wanafungua kila kitu.

4. Washa uthibitishaji wa hatua mbili. Nywila ikiibwa, mwizi bado atakwama kwenye hatua ya pili.

5. Siku ya mwisho ya kazi, akaunti zifungwe siku hiyohiyo. Usizifute haraka: zizuie kwanza, kisha hamishia mafaili na barua pepe kwa anayepokea kazi. Kama kuna nywila aliyoijua pamoja na wengine, ibadilishwe.

6. Kila baada ya miezi mitatu, linganisha orodha ya akaunti na orodha ya wafanyakazi. Akaunti isiyo na mwenyewe ifungwe.

Wapo wanaoona aibu kumfungia mwenzao waliyeagana naye vizuri. Lakini kumfungia si kumshuku. Mtu mwingine akiingia kwa akaunti ile na kuiba, jina litakaloonekana kwenye mfumo ni la yule aliyeondoka. Akaunti ikifungwa mapema, naye anakuwa salama.